Kiki ya Tatu

Baba alipomkabidhi binti yake, aliyekuwa fundi, ile skuta kuukuu aigeuze ya umeme, alitoa sharti moja: "Nikiikalia nikaona siyo yangu, utabaki nayo." Binti akacheka, lakini hofu ilimwingia. Skuta hiyo ilimpeleka baba kazini miaka thelathini, na utotoni binti mwenyewe alikuwa akisimama mbele, katikati ya mikono ya baba, akila upepo.

Kwa miezi miwili hakujua Jumapili. Aliitoa injini iliyokuwa ikikohoa kama mvuta tumbaku, akaweka betri chini ya kiti na mota kwenye gurudumu la nyuma. Bodi aliirudishia rangi yake ya maziwa. Ule mbonyeo wa ubavuni, wa siku baba alipogonga geti lake mwenyewe, hakuugusa.

Siku ya siku baba akakaa, akashika usukani, akarusha mguu kupiga kiki aiwashe. Mguu ukakanyaga hewa; nusura aanguke na heshima zake zote.

"Kiki iko wapi?"

"Haihitajiki, baba. Bonyeza hapo tu."

Akabonyeza. Taa ikawaka, kimya. Baba akashuka taratibu.

"Kazi nzuri, mwanangu. Lakini hii siyo yangu."

Binti aliumia, tena sana. Maji yalishamwagika: injini ilishakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Akakaa karakanani akiuguza moyo, mpaka akakumbuka majigambo ya baba kwa majirani. Skuta ile haikuwahi kuwaka kabla ya kiki ya tatu, lakini mzee kila asubuhi aliapa imewaka kwa ya pili. Kumbe hakutaka chombo cha kumbeba tu. Alitaka wa kubishana naye.

Kiki yenyewe ilikuwa bado kwenye kopo la nati. Akaifunga mahali pake, akaitia springi, akaiunganisha na swichi: umeme usipite mpaka ipigwe mara tatu.

Kesho yake akamwomba baba aikalie tena. Baba akapiga. Kimya. Akapiga tena. Kimya.

"Bado jeuri huyu!" akasema, uso umechanua.

Ya tatu, taa ikawaka. Akaondoka bila hata kuaga.

Alirudi baada ya saa nzima, akasimama kwanza kwa kinyozi wa jirani. Binti alimsikia kutoka karakana.

"Ya umeme, bwana! Na leo imewaka kwa kiki ya pili!"

Binti, aliyezifunga waya zile kwa mikono yake, aliinamia meza ya kazi akacheka mpaka machozi yakamtoka.