Jina la Mwishoni mwa Makala

Profesa maarufu wa uchumi alimsogezea binti mmoja, mwanafunzi mpya wa uzamivu, fomu ya kumchagua yeye profesa awe msimamizi wake. "Weka sahihi, mwanangu. Wenzako wanaililia nafasi hii."

Binti hakugusa kalamu. Asubuhi hiyo, maktabani, alikuwa amesoma tasnifu ya mwanafunzi wa zamani wa profesa huyo, kisha makala ya profesa mwenyewe. Majedwali yalikuwa yaleyale.

"Mwanafunzi wako yuko wapi humu?" aliuliza akiitua makala mezani.

"Nimemshukuru mwishoni. Soma vizuri."

"Nimesoma, Profesa. Kahangaika miaka mitano, ukamtupia mstari mmoja."

Aliiacha fomu tupu, akashuka ngazi kumtafuta mhadhiri asiyevuma, ambaye katika makala zake jina la mwanafunzi hutangulia.