Divai Tamu ya Wapima Ardhi

Saa nne asubuhi, Jumanne, chupa mbili za divai nyekundu zilikuwa juu ya kaunta ya mkahawa. Zote zilikuwa zimefunguliwa na zote zilikuwa zimepungua kidogo tu. Zilikuwa zimerudi kutoka chumba cha juu, kwa wiki mbili zilizofuatana, na aliyezirudisha ni mtu mmoja.

Kampuni ya wapima ardhi ilikuwa ikitafuta mahali pa kuwalishia wateja wake chakula cha jioni kila Alhamisi, kwa mwaka mzima. Mkahawa ulipewa Alhamisi tatu za majaribio. Chakula kilisifiwa tangu siku ya kwanza. Divai haikusifiwa. Mkurugenzi wa kampuni alikuwa ameagiza kwa maneno machache: nyekundu, tamu, ya bei ya kawaida. Wakampelekea tamu. Akaonja, akaisogeza kando, akasema, "Nilisema tamu." Wiki iliyofuata wakampelekea tamu zaidi. Hiyo alilowesha nayo midomo tu.

"Safari hii mkorogeeni asali," alisema shangazi, ambaye alishika kaunta na mashine ya fedha na hajawahi kunywa kileo maishani mwake. "Akikataa na asali, basi mgonjwa ni yeye."

Mkahawa ulikuwa wa ndugu wawili. Dada mtu alisimamia ukumbi. Mdogo wake alipika, na mtaa mzima ulimwita Moto Mdogo, kwa kuwa hakuna sufuria aliyowahi kuiharakisha. Shangazi, dada wa baba yao, alikuja kusaidia kwa mwezi mmoja na hakuondoka tena.

Wateja wa mchana walikuwapo wa kutosha. Wa jioni hawakutosha hata kulipia taa. Bila meza ya wapima ardhi, mkahawa ungefungwa saa kumi na moja kila siku, na mpishi wa jioni angekuwa mzigo. Kantini ya hospitali ilikuwa imemwita Moto Mdogo akapike supu isiyo na chumvi. Walitaka jibu lake Ijumaa. Hakuitaka kazi hiyo, lakini alishapeleka vipimo vya koti la upishi.

Saa tano kasoro, katibu wa kampuni aliingia akitokea benki, akaketi bila kuagiza.

"Nimetumwa," alisema. "Keshokutwa ndiyo ya mwisho. Anataka divai tamu, na bei isipande. Mhasibu ameshaanza kuguna."

"Bei haitapanda," alisema msimamizi. "Lakini nisaidie kitu kimoja, mwenzangu. Ofisini anakunywa nini?"

"Chai."

"Mnampikiaje?"

"Ya rangi. Majani yachemke mpaka iwe nyeusi. Sukari usithubutu, atakurudishia kikombe hivyo hivyo."

"Na ikimkolea anasemaje?"

Katibu alifikiri kidogo. "Anasema, 'Leo chai tamu.'"

Moto Mdogo alitoka jikoni akiwa na kisu mkononi.

"Lahaula," alisema shangazi. "Tumekuwa tukimnywesha sharubati mtu anayesifia uchungu."

Msimamizi aliwahi kufanya kazi katika maabara ya kiwanda cha juisi, na huko alijifunza kwamba mtu anayesema kitu ni kitamu hajasema kina sukari. Pilipili tamu, nyama tamu, hadithi tamu, usingizi mtamu: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotiwa sukari. Alilijua jambo hilo miaka yote. Dukani, mbele ya rafu yenye lebo zilizoandikwa "tamu", alilisahau, akanunua lebo.

"Kwa hiyo anataka ile kavu," alisema.

"Kavu?" Shangazi aligeuka mzima mzima. "Kitu cha maji kinakuwaje kikavu? Mtoto wa kaka yangu, huo ni ulevi kabla ya kunywa."

"Kavu maana yake haina sukari, shangazi."

"Si waseme haina sukari."

Msimamizi alichukua mkoba wake, akatoka.

Duka la divai lilikuwa mtaa wa pili, chumba kirefu chenye dirisha lililotazama jua la mchana. Mwenye duka alikuwa mtu mnene, mchangamfu, ambaye hakumwamini mteja yeyote aliyetaja bei kabla ya kusalimia. Msimamizi alisalimia kwanza, kisha akataja bei.

"Dada yangu," alisema mwenye duka, "kwa hela hiyo unanunua kizibo."

"Basi niuzie kizibo. Chupa nipe ya nyongeza."

Mwenye duka alicheka, akamwachia rafu.

Msimamizi alianza kwa kuondoa zote zilizoandikwa tamu. Zilizosimama dirishani aliziruka zote, kwa sababu jua huipika divai kabla ya mpishi. Chupa nene zenye kitako kirefu alizinyanyua, akazirudisha. Kwa bei aliyokuwa nayo, gharama ya kila gramu ya kioo ilikuwa imekatwa kwenye kilichomo. Stika za medali za dhahabu hazikusema medali ilitolewa na nani wala lini, naye akaziacha. Divai za bei ya chini hazitunzwi ili zizeeke, kwa hiyo alisoma mwaka, na kila iliyokuwa imekaa muda mrefu aliirudisha. Mwisho aligeuza chupa na kusoma upande wa nyuma, ambako waandishi wa lebo huwa wamechoka kusifia na hubaki na ukweli: nani kaijaza, wapi, zabibu gani, kileo asilimia ngapi.

Akabaki na mbili.

"Wewe nyumbani unakunywa ipi?" alimuuliza mwenye duka.

"Mimi? Mimi nauza, sinywi faida."

"Ukinywa."

Mwenye duka alitazama mlango kama mtu anayeogopa kusikiwa na bidhaa zake. Akainama hadi rafu ya chini, akatoa chupa nyepesi yenye lebo ya rangi moja tu na kifuniko cha kuzungusha.

"Hii. Haina jina kubwa na watu hawaigusi kwa sababu inafunguka kama soda."

"Haina hata kizibo," alisema msimamizi. "Na ulisema hela yangu ni ya kizibo."

"Ndiyo maana inabaki chenji," alisema mwenye duka.

Alinunua zote tatu: moja ya bei ya juu kabisa aliyoiweza, moja ya katikati, na ile ya kifuniko cha kuzungusha.

Jumatano saa tisa alasiri, ukumbi ulipokuwa mtupu, waliketi jikoni kuonja. Msimamizi alitaka chupa zifunikwe ili bei isiseme kabla ya ulimi. Moto Mdogo akaleta soksi zake.

"Zimefuliwa?" aliuliza shangazi.

"Shangazi, mimi ni mpishi."

"Ndiyo maana nikauliza."

Kila soksi ilikuwa na rangi yake: nyeusi, kijivu na kahawia. Shangazi ndiye aliyezivisha chupa, mgongo ukiwa umewaelekea wenzake, kwa kuwa ndiye pekee asiye na maslahi. Jikoni kulikuwa na sufuria ya nyama ya mguu wa ng'ombe iliyokuwa motoni tangu asubuhi, sahani ileile ambayo ingepanda juu kesho yake. Msimamizi alisisitiza: divai ionjwe peke yake, kisha ionjwe na nyama hiyo, na katikati wanywe maji.

Soksi nyeusi ilikuwa laini na haikuacha chochote kinywani. "Hii ni mgeni anayeaga mlangoni," alisema Moto Mdogo.

Ya kijivu ilimkunjisha uso. Alipitisha ulimi kwenye fizi. "Hii ina ukakasi. Kama nimetafuna ndizi mbichi."

"Ukakasi huo unatoka kwenye maganda ya zabibu. Sasa kula nyama, kisha unywe tena."

Alikula, akanywa. Akakata kipande kingine, ingawa hakuna aliyemwambia, akanywa tena.

"Ukakasi umekwenda wapi?" aliuliza.

"Mafuta ya nyama yameuchukua. Nao ukakasi umeyachukua mafuta. Ndiyo maana ulimi wako unataka tena."

Ya kahawia haikufika mdomoni. Shangazi, aliyekuwa akimimina, alivuta pumzi mara moja, akaiweka glasi mbali naye. "Hii inanuka kabati la marehemu."

Msimamizi alinusa. Ilikuwa harufu ya boksi lililolowa, na aliitambua: kizibo kibovu huiharibu divai iliyo nzuri, na mtengenezaji wake hana habari. "Shangazi yuko sahihi. Hii inarudi dukani."

"Sinywi," alisema shangazi, "lakini pua sikuitia kufuli."

Soksi zikavuliwa. Ya kahawia ilikuwa ile ya bei ya juu kuliko zote. Nyeusi ilikuwa ya katikati. Kijivu ilikuwa na kifuniko cha kuzungusha. Jioni hiyo msimamizi aliirudisha ile mbovu dukani, akanunua nyingine kadhaa za kifuniko cha kuzungusha.

Likabaki jambo moja, nalo lilizua ubishi. Chumba cha juu kilikuwa chini ya bati, na Alhamisi saa kumi na mbili kipimajoto cha jikoni kilisoma humo joto la mtu mwenye homa kidogo. Msimamizi aliziweka chupa kwenye friji.

"Dada, nyekundu haiwekwi baridi," alisema Moto Mdogo. "Nyekundu inanywewa kwa joto la chumba. Wote wanasema."

"Wote hao chumba chao kina bati?"

"Sijui chumba chao."

"Mimi najua hiki. Divai ikipata joto hili, utanusa kileo tu, hutanusa kingine. Nusu saa, kisha inatoka. Haitakuwa baridi. Itakuwa kama maji ya mtungini."

Alizitoa baada ya nusu saa, akaipima moja, akaridhika.

Wageni walikuwa wanane: mkurugenzi, mhasibu, katibu na wateja wao watano. Msimamizi alipanda na chupa mwenyewe. Mhasibu aliisikia sauti ya kifuniko kikizunguka, akainua kichwa. Mmoja wa wateja alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Msimamizi alimimina theluthi ya glasi kwa mkurugenzi, akasimama hatua moja nyuma ya kiti chake, mikono mgongoni.

Mkurugenzi alinusa. Akaonja. Akaishusha glasi na kuiacha hapo mbele yake, ikiwa bado na divai, na akaendelea kumweleza jirani yake habari za mpaka wa shamba fulani.

Msimamizi alimimina kwa wengine, akashuka.

"Vipi?" aliuliza Moto Mdogo.

"Ameiweka chini."

"Ameisogeza?"

"Hajaisogeza. Ameiweka. Pakua nyama."

Alipakua. Mikono yake ilikuwa na haraka, jambo ambalo shangazi aliligundua, akaanza kumpangia sahani. Sahani zilipanda. Ilipita dakika ndefu, kisha nyingine. Hatua zikashuka ngazi, nyepesi, za viatu vya kisigino. Katibu alisimama kwenye mlango wa jikoni.

"Anauliza kama ipo nyingine."

"Nyingine ya aina gani?" alisema msimamizi.

"Ya hiyo hiyo. Imekwisha."

Ilipanda ya pili, kisha ya tatu. Yule mteja wa tabasamu la upande mmoja ndiye aliyeomba ya nne. Kila chupa iliyoshuka ilikuwa tupu, na shangazi alizipanga kaunta pembeni mwa zile mbili za zamani, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepanga mashahidi.

Saa mbili usiku mkurugenzi alishuka mwenyewe, mhasibu akiwa nyuma yake. Aliingia hadi jikoni, ambako hakuwahi kufika.

"Nani kachagua?"

"Huyu," alisema shangazi. "Ametuonjesha kwa soksi."

Mkurugenzi aliamua kutouliza. Alimgeukia msimamizi. "Sasa hii ndiyo tamu. Mbona mmechelewa kunielewa?"

"Mzee, ulisema tamu, tukakuletea tamu."

"Nilisema tamu. Sikusema sukari."

"Ndiyo. Ilibidi niulize chai yako."

Mkurugenzi alimtazama katibu aliyekuwa ngazini. Katibu alitazama dari. Mkurugenzi akacheka, kicheko kifupi cha mtu asiyekizoea.

Mhasibu alikuwa ameshika bili na hakucheka. Aliisoma juu hadi chini, akarudi juu. "Divai ya leo," alisema, "ni rahisi kuliko zile mbili zilizorudishwa."

"Ni rahisi," alisema msimamizi.

"Kwa nini?"

"Haina medali, haina kizibo, na chupa yake ni nyepesi. Hela yote imeingia ndani."

Mhasibu alifungua mkoba wake. Mkataba ulikuwemo tayari, umeandikwa tangu wiki ya kwanza, ukiwa na pengo moja lililoachwa kwenye mstari wa vinywaji. Mkurugenzi alilijaza mwenyewe, kwa kalamu, akiwa ameegemea meza ya kukatia nyama: divai nyekundu, kavu. Akalikata neno la mwisho kwa mstari, akaandika tamu. Kisha akaliandika tena kavu mbele yake, akayaacha yote mawili, akatia sahihi. Msimamizi akatia sahihi. Moto Mdogo, mikono ikiwa na mafuta, akatia sahihi na kuacha alama ya kidole gumba ambayo hakuombwa.

"Alhamisi zote za mwaka," alisema mkurugenzi, "na wageni wangu wa Jumamosi, kama mna nafasi."

"Tutaitafuta," alisema msimamizi.

"Tunayo," alisema shangazi. "Usimsikilize, anajifanya."

Ijumaa saa tatu asubuhi Moto Mdogo aliipigia simu kantini ya hospitali, akawashukuru kwa kumkumbuka, akawaambia hatakwenda, na kwamba lile koti wampe mwingine wa kimo chake.