Graniti ya Mama Mkwe

Mvua za Elinino zilipoangusha ukuta wa jiko la Bi Mwanapili pale Kinondo, mkwewe Nassir aliapa kwamba atalijenga upya, tena atamwekea kaunta ya jiwe. Nassir alikuwa mtunza stoo wa hoteli moja huko Diani. Kila siku aliwaona wapishi wakikatia nyama juu ya graniti nyeusi inayong'aa, mpaka akawa haoni kitu kingine duniani cha kumheshimia mama mkwe.

Heshima yenyewe ilikuwa kubwa. Kwao mkwe mwanamume haketi na mama mkwe, hamtazami usoni, na jikoni kwake ndiyo kabisa hatii mguu. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Maneno yao yote yalipitia kwa Subira, binti wa Bi Mwanapili na mke wa Nassir. Na Subira, Mungu amjalie, alikuwa na ulimi wa sukari. Neno chungu likiingia sikioni mwake, likitoka mdomoni limeshakuwa haluwa.

Bi Mwanapili mwenyewe alikuwa mpika mahamri. Kila alfajiri mahamri mia mbili yalikwenda Ukunda kwa Veronicah, mwanamke wa bara mwenye mkahawa. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha tangu mumewe afariki, na kulishwa na mtu hakutaka, hata awe mwanawe. Unga aliukanda akiwa ameketi chini juu ya kibao, chano mbele yake, uzito wote wa mwili ukishukia kwenye donge.

Kwanza likaja suala la kuchagua. Nassir alimpa Subira vipande vitatu kutoka kwa muuza mawe wa Mombasa: marumaru nyeupe, jiwe la Mazeras na graniti.

"Wenzangu wakwe zao huwaletea mchele," alisema Bi Mwanapili akivigeuzageuza.

Lakini alivipima kwa haki. Kila kimoja alikipaka manjano, akakikamulia ndimu, akakidondoshea mafuta, akaviacha hadi asubuhi. Marumaru ilikuwa imechomwa na ndimu na kugeuka njano kama kitambaa cha kuchujia manjano. Jiwe la Mazeras lilikuwa limeyanywa mafuta yote. Graniti aliipangusa mara moja tu ikarudi ilivyokuwa.

"Hili jeusi halina haya," alisema. "Limetendwa yote haya, limetulia tu."

Subira akapeleka habari kwamba mama amechagua graniti. Nassir alifurahi sana. Graniti ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote, na yeye alilichukulia hilo kuwa ni dalili ya mapenzi.

Bajeti yake ilikuwa shilingi elfu thelathini na tano, na ndani yake jiwe lilitengewa elfu kumi. Futi moja ya mraba iliuzwa mia sita na hamsini, na kaunta ilitaka futi kumi na sita. Hapo hesabu ilizidi kidogo tu. Kisha muuzaji akakumbuka kwamba kingo hung'arishwa kwa bei yake, tundu la sinki hutobolewa kwa bei yake, na gari la kuvuka nalo feri lina yake. Jikoni hapakuwa na bomba la maji, maji yalitoka kisimani kwa ndoo, lakini Nassir alisema kaunta bila tundu la sinki si kaunta. Ili hesabu ikae sawa akaliondoa dirisha, kisha akaliondoa na bomba la kutolea moshi. Moshi, uliokuwa ukimliza Bi Mwanapili miaka yote, ukabaki palepale, ila sasa ulikuwa na graniti ya kutazama.

Vipimo navyo vilikuwa na shida yake. Kuingia jikoni Nassir hawezi, kumuuliza mama mkwe kimo chake ni aibu. Basi akapima kwa kimo cha Wafula, mpishi mkuu wa hoteli, mtu ambaye huinama akipita mlangoni. Fundi Katana akazijenga nguzo kwa kipimo hicho, Bi Mwanapili akipikia uani. Siku alipofunguliwa jiko lake jipya, jiwe lilimfika kifuani.

"Subira, mwambie mumeo jiwe ni zuri, ila mimi si twiga."

Subira akaenda, akasema, "Mama amefurahi mpaka amekosa la kusema."

Kulikataa jiwe la mkwe, majirani wakiingia kulitazama kila saa, lingekuwa tusi. Bi Mwanapili akapanda juu ya kreti la soda akakanda hivyohivyo, mikono ikielea kama ya mtu anayejifunza kuogelea. Asubuhi ile mahamri hayakufura. Saa nne Veronicah akaja mwenyewe.

"Shikamoo mama. Hizi mahamri za leo, kastoma mmoja ameniuliza kama nauza mawe. Mama, nakupenda, lakini kesho zikikuja hivi, nitatafuta mtu mwingine. Si unajua biashara."

"Nimekusikia, mwanangu."

Akaamua: leo atakaa chini, upande wa pili wa jiko, kwenye nafasi iliyobaki. Kabla hajatandika mkeka Subira akaingia anacheka.

"Mama, furaha yako imemgusa mno Nassir! Amekopa kwenye ushirika, anakuwekea graniti kwenye ukuta huu wa pili pia. Yuko nje na Katana, wamekuja kupima."

Bi Mwanapili aliitazama ile nafasi ya mkeka. Kisha akajifunga leso kiunoni, akasimama mbele ya kaunta, akasema kwa sauti ya kufika barabarani:

"Ewe jiwe, shikamoo! Nakuamkia kwa kuwa umenizidi kimo."

Nje Katana akalitua toroli lake.

"Mimi hukanda nikiwa nimekaa. Ukishuka ukanifika magotini, tutaishi vizuri. Usiposhuka, na nduguyo akija kunimalizia sakafu, kesho Veronicah ananiacha. Nami nitahamia kwa binti yangu, nilale kwake, nile kwake, niote jua kwenye baraza yake. Mwenye nyumba ile sijui atakuwa akijificha kichaka gani."

Nassir alikohoa. Akaligeukia toroli la Katana.

"Ewe toroli," alisema, "jiwe hili si lilipimwa?"

"Jiwe, ulipimiwa nani?"

"Toroli, lilipimiwa Wafula."

"Basi Wafula aje akande!"

Katana akajishika kiuno. "Na mimi niongee na nani? Kubomoa ni elfu moja na mia tano."

Subira akatoka mbio. "Nassir, mama anasema anashukuru sana, na..."

"Toroli," akasema Nassir, "mwambie mke wangu leo nimesikia mwenyewe. La pili lisije. Hili lishushwe sasa hivi."

Jioni ile jiwe lilikaa juu ya matofali, urefu wa goti. Bi Mwanapili akaketi kwenye kibao chake akaanza kukanda. Jiwe lilikuwa la baridi, donge halikunata, na bakuli la unga lilitulia ndani ya tundu la sinki kama lililotobolewa kwa ajili yake. Alfajiri mahamri yalifura, na Veronicah akarudisha kikapu kitupu na agizo la mia mbili na hamsini.

Jumapili wenzake Nassir wa hotelini walikuja kuitazama kaunta. Ilibidi wachuchumae. Nassir alibaki uani, mgongo kwa mlango, akieleza kwa sauti kubwa.

"Huko Italia siku hizi wanaziweka chini. Ndiyo fasheni."

Wafula alikuwa amechuchumaa jikoni, magoti yakimfika masikioni, akilipapasa jiwe kwa kiganja.

"Aisee," alisema. "Kesho namwambia meneja na zetu zishushwe."