Kokoto za Mke Mkubwa

Elkanah alipokufa, wazee walikusanyika siku ya kunyoana nywele, baada ya mazishi, wakagawa vilivyokuwa vyake. Koti la mvua likaenda kwa ndugu yake, redio kwa Nehemiah, mwanawe wa kwanza, na panga kwa binamu ambaye hata hakuja kumjulia hali alipokuwa mgonjwa. Mali ya marehemu haikosi wenyewe. Kilichokosa mwenyewe kilikuwa kimoja tu: ua lililoning'inia barazani, limekumbatia kipande cha gome lililooza, mizizi yake mieupe ikielea hewani. Mzee mmoja akauliza kama linaliwa. Watu wakacheka. Zilpah, mke mkubwa, aliinamisha kichwa kwa uchungu, maana alijua jinsi mumewe alivyolipenda gugu lile.

Elkanah alikuwa mlinzi wa msitu wa Kakamega tangu ujanani. Mti mkubwa ukiangushwa na upepo, au na watu wenye misumeno ambao hakuweza kuwazuia, yeye alipita kwenye matawi akiokota okidi, yale maua yanayoishi juu ya miti bila kugusa ardhi, kabla jua halijayamaliza. Mengi yalimfia. Akiyapanda kwenye udongo yanaoza. Akiyafunga kwenye gome yanakauka akiwa zamu. Mwaka mmoja mgeni aliyekuja kuchunguza vipepeo akamwambia kwamba kwao watu huyakuza katika kokoto za udongo wa kuchomwa. Chombo kinatobolewa ubavuni, vidole viwili juu ya kitako. Maji yanakaa chini ya tundu, kokoto zinayavuta polepole hadi juu, na mizizi inakunywa huku ikipumua. Elkanah alirudi nyumbani amechangamka.

"Mke wangu ni mfinyanzi wa Ilesi," alimwambia Zilpah, "halafu mimi niagize kokoto Ulaya?"

Zilpah alicheka, akaahidi, akachelewa. Kulikuwa na vyungu vya kuuza, kulikuwa na shamba, na tuseme ukweli, kulikuwa na Milcah. Huyo ndiye mke mdogo, aliyetoka Likuyani na kupangishiwa nyumba Shirere, akifanya kazi ya kufua shuka hospitalini. Hakujaliwa mtoto. Wake hao wawili hawakuwahi kutukanana hata siku moja, na usidhani huo ulikuwa upendo. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua, basi.

Elkanah aliwajua. Alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani aliwaita wote wawili.

"Zilpah afinyange kokoto, Milcah atie maji," alisema. "Ua likiishi, mtakuwa mkionana. Likifa, nawajua nyinyi, kila mtu atashika njia yake."

Njia ya Milcah ilikuwa inajulikana. Hata kabla kaburi halijakauka, ndugu za marehemu walikuwa wakisema mwanamke asiye na mtoto hana la kungojea pale, na kwao Likuyani mahindi hayajaisha. Ndiyo maana wazee walipolicheka lile ua, Milcah aliinuka peke yake akalitungua. Na Zilpah, bila kujua kilichomsukuma, akasema mbele ya wote, "Kokoto nitatengeneza mimi."

Akatengeneza. Alichimba udongo mwenyewe, akauponda, akautoa mawe, akaviringisha kokoto moja moja kati ya viganja. Alizianika kivulini, kisha akazichoma kwa kuni na nyasi kavu. Lakini kwa wafinyanzi wa kwao kazi haimalizikii motoni. Chungu hutolewa kikiwa bado chekundu, kikanyunyiziwa maji yaliyochemshwa na magome ya mti. Kinachafuka moshi, kinageuka cheusi, na vitundu vyake vyote vinazibika. Chungu kinachovuja ni aibu ya aliyekifinyanga na ya mama yake aliyemfundisha. Zilpah alizinyunyizia kokoto zile maji ya magome. Kisha akarudia tena, kwa kuwa ilikuwa kazi ya Elkanah. Zikatoka nyeusi, zinang'aa, nzuri kweli. Alizipeleka Shirere ndani ya kikapu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi moyo wake ulikuwa mwepesi.

Mazoea yana taabu, jamani.

Mvua zile za El Nino zilikuwa zimeanza Milcah alipotokea Ilesi, amelowa, amebeba mkebe wa plastiki wa mafuta ya kupikia. Hakupiga hodi. Aliuweka mkebe miguuni pa Zilpah. Majani ya ua yalikuwa yamekunjamana na kulegea, na mizizi imesinyaa.

"Mama Nehemiah, chukua mawe yako."

"Limefanya nini? Hukutia maji?"

"Maji yamo. Tazama mwenyewe, yamejaa mpaka kwenye tundu. Ua linakufa kwa kiu na maji yako chini yake." Milcah alijipangusa maji ya mvua usoni. "Watu wanasema ulizipika kokoto hizi kwa dawa."

"Watu gani?"

"Watu. Lisemwalo lipo."

"Nilizitia maji ya magome tu, mara mbili, ili..." Zilpah akasikia jinsi maneno yake yalivyofanana na kukiri uchawi. Milcah alikuwa amerudi nyuma hatua moja.

Zilpah aliokota kokoto moja akaidondoshea tone la maji. Tone lilibingirika likaanguka, kama kwenye jani la nduma. Akachukua kigae cha chungu kilichopasuka motoni kabla hakijanyunyiziwa, akakidondoshea tone jingine. Kigae kikalinywa papo hapo. Akaketi kwenye kigoda. Miaka yote ile alikuwa akisifiwa kwa kazi isiyopitisha maji.

Angeweza kukana. Angeweza kusema Milcah amekosea kutoboa, na shemeji zake wangemwamini yeye, mke wa nyumba kubwa, mama wa watoto. Wazo hilo lilimpitia, na aliona haya kwamba lilimpitia.

"Ni mimi," alisema. "Nimeziba mahali ambapo maji yangepita."

"Makusudi?"

"Kwa heshima, Milcah. Sikutaka mume wetu apate kitu kinachovuja."

Milcah aliusogeza mkebe karibu na Zilpah. Zilpah hakuweza kujua kama ameaminiwa. Yule mdogo alisema, "Basi likae kwako. Likifa, life mikononi mwako," akatoka akaenda mvuani.

Kufinyanga upya wakati ule kulikuwa balaa. Udongo haukauki, kuni zimelowa, uwanja wa kuchomea ni dimbwi. Zilpah alizianika kokoto mpya juu ya dari ya jikoni, kwenye moshi, akazichoma kidogo kidogo katika meko alikopikia ugali. Safari hii hakuzinyunyizia kitu. Mkono ulikuwa ukiinuka wenyewe kwenda kwenye chungu cha magome, naye anaurudisha. Kokoto zikatoka na wekundu wa udongo mtupu, zimepauka. Machoni pake zilikuwa kazi ya mwanagenzi, lakini maji ziliyanywa.

Alilihamisha ua, akalifunika kwa jani la mgomba lisipigwe na upepo. Kila Jumapili Milcah alikuja baada ya kanisa. Alichungulia mkebe, akagusa jani, akaketi kidogo. Mara ya kwanza alikataa chai. Baadaye akainywa, akasimulia habari za hospitali, jinsi shuka zisivyokauka na wagonjwa wanavyolala juu ya baridi. Zilpah naye akajikuta anahesabu siku kuelekea Jumapili. Nyumba yake ilikuwa kimya tangu watoto waende zao. Alianza kuogopa, na alichoogopa hakikuwa tena ua.

Lilikufa wiki ya kuelekea Krismasi. Jani la mwisho lilidondoka bila kuguswa, na Zilpah alipovuta shina likatoka lote mkononi, limeoza ndani. Kiu ilikuwa imeshaiua mizizi zamani, na hizo kokoto njema zilikuja kunywesha maiti.

Jumapili alimngojea Milcah mlangoni, shina likiwa kwenye kiganja.

"Nimeliua," alisema. "Nimeua ua la mume wetu. Nisamehe."

Milcah hakulia. Alilichukua shina, akaligeuza, akaketi pale pale kizingitini kama mtu aliyeishiwa nguvu.

"Juma la kwanza tu niliona kokoto za juu ni kavu," alisema. "Ningemwagia maji kutoka juu. Ni kikombe kimoja tu, Mama Nehemiah. Nikaacha. Nikasema, acha likauke, kila mtu aone mke mkubwa ni mtu wa namna gani. Nilijua nitafukuzwa tu. Nilitaka siku nikiondoka, iwe ni kosa lako."

Zilpah alipandwa na hasira. Alikumbuka macho ya shemeji zake wote waliosikia habari za dawa, alikumbuka alivyokesha akipuliza meko. Alitaka kumwambia aondoke basi, njia ya Likuyani anaijua. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Akamwona Milcah amekumbatia lile shina bovu, tayari amefunga leso, tayari amejitanda shali, mtu aliyekuja ameshajiaga mwenyewe.

"Nilikuja kukuambia hilo," Milcah alisema akiinuka. "Sasa halipo tena la kunileta hapa."

"Keti," Zilpah alisema, kwa ukali. "Hukuolewa na ua, Milcah. Uliolewa katika boma hili."

Milcah alifunika uso kwa leso, na mabega yake yakaanza kutikisika. Zilpah alimwacha alie. Aliingia jikoni, akaongeza maji kwenye sufuria ya ugali, kisha akachota unga wa watu wawili.