Mashine Iliyoomba Iwe Sufuria la Pilau

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kwenye maonyesho ya ubunifu wa taifa, na maonyesho yenyewe yanafanyika jikoni kwa mama mkwe wangu, Bi. Mwanahawa. Hakuna aliyeona ajabu. Mbele yangu ilikuwapo mashine yangu ya kuchagua mchele, niliyoiunda kwa mota ya feni na machujio, ile ambayo Bi. Mwanahawa huiita dude. Yeye husema mchele huchaguliwa kwa macho, kwenye ungo, wanawake wakiwa wengi, ili na mdomo upate kazi yake.

Juu ya kigoda ameketi Mizani, ile mizani ya dukani, amevaa tai. Alinieleza kwa upole kwamba ubunifu wa nchi hupimwa pamoja na hamu ya wananchi ya kununua. Chombo kisichotakiwa na mtu hadi maonyesho yafungwe kitayeyushwa kiwe sufuria, kwa kuwa masufuria yana soko. Nilitaka kulia. Ujana wangu wote umeishia kwenye mashine ile.

Wateja wanakuja. Kila mmoja anaishika, anaisifu, ananipa hongera, kisha anasema ngoja azunguke kwanza, atarudi. Na kweli wanazunguka. Jiko limeshakuwa uwanja wa mpira, na taifa zima linauzunguka, wahadhiri na waziri wa fedha wakiwemo, mpaka ardhi imechimbika mtaro.

Kila mtu anapoahidi kurudi, mashine inapungua. Sasa imelingana na kibiriti.

"Mahitaji ya nchi yako wapi?" namuuliza Mizani.

"Yapo," anasema. "Yanazunguka. Kila mtu anasubiri mwenzake aanze, asije akachekwa peke yake."

Mashine inanigusa kidole. "Dada Zawena, usihuzunike. Ila nikiwa sufuria, niombee niwe la pilau."

Ndipo nikamwona Bi. Mwanahawa akipita kwenye mtaro na sahani ya wali. Akatafuna, kikasikika kitu kikivunjika. Akasimama. Waliokuwa nyuma yake wakagongana, waziri akamwomba radhi mhadhiri. Bi. Mwanahawa akatema jiwe na kipande cha jino juu ya mashine yangu.

"Mkwe wangu, hili dude nalichukua," akasema. "Bei tutaelewana."

Mashine ikavimba mpaka ikanizidi kimo. Watu wakasema kama Bi. Mwanahawa kachukua, hata wao wanataka. Mmoja akaulizia ya kuchagua maharage, na jirani yake akaanza kuibuni papo hapo. Mwingine akataka isiyotumia umeme, fundi mmoja akainuka na nyundo. Mizani akalemewa hadi tai ikagusa chini. Akasema nchi imeongezeka uzito, akaomba maji ya kunywa.

Nikaamka. Mashine ilikuwa pembeni ya kitanda, chini ya kanga ninayoifunikia ili nisichekwe. Nilipoifunua, nikakuta jiwe kwenye trei, na kando yake kipande cha jino.

Kabla sijakaa sawa, nikasikia hodi. Bi. Mwanahawa alisimama mlangoni, kiganja shavuni, hanitazami usoni.

"Zawena mwanangu," akasema, "hivi hilo dude lako linakula umeme mwingi?"