Harufu Tamu ya Chumba cha Panya

Ngumi ya pili ndiyo iliyompasua mdomo Georgette. Mke wangu aliangukia jiko la makaa, sufuria ya maharage ikapinduka, na binti yetu Yvette akakimbilia nje akipiga mayowe.

"Sikunywaka pombe, Papa Yvette," alisema, akitema damu. "Ni gazi ya kulalisha bapanya. Inanizungusha kichwa."

Sikuamini habari hiyo ya gesi. Tulikuwa tumehama kambi ya wakimbizi ya Nakivale kuja Mbarara alipopata kazi ya kuhudumia panya kwenye maabara ya utafiti, na kwa miezi mitatu alikuwa akirudi anayumba, macho mazito, nguo zikinukia utamu nisioujua. Mimi, shemasi, nilisikia majirani wakicheka. Nilikuwa nimempiga mara moja kabla ya hapo. Mara hii ilikuwa rahisi zaidi.

Asubuhi alienda kazini na mdomo uliovimba. Nilimfuata na rungu, nimtafute mwanamume aliyekuwa akimnywesha.

Chumba kilikuwa kidogo, madirisha yamefungwa. Georgette alikuwa ameinama juu ya panya aliyelala chali, pua ya mnyama huyo ndani ya kikombe cha mpira cha gazi kilichompwaya. Alinitazama mara moja, akaendelea. Nilisimama begani kwake kumsubiri huyo mlevi mwenzake. Kabla ya dakika kumi sakafu ilianza kupanda na kushuka, na utamu ule wa nguo zake ukanijaa puani.

Aliyeingia alikuwa Mbabazi, msimamizi wao.

"Hii gazi inatokea wapi?" nikamuuliza.

"Iko kopo ya makaa ya kuinyonya. Lakini ilijaa kitambo. Niliambia ofisi ilete ingine."

Rungu lilimpata kwenye taya, nikasikia mfupa ukivunjika. Kisha nikavunja madirisha, moja baada ya jingine, vioo vikinichana mikono. Georgette alifunga gazi kwanza, ndipo akaita askari.

Nilifungwa miezi minane. Nilipotoka niliambiwa wameweka feni ya kuvuta hewa nje, na kwamba kila asubuhi Georgette hupima kopo kwenye mizani. Likizidi uzito, yaani limejaa gazi, hakuna panya anayelazwa.

Nilimfuata kwenye chumba alichopanga, nikapiga magoti mlangoni.

"Ulinusa dakika kumi, ukaamini," alisema. "Miye nilikuambia miezi tatu."

Akamwita Yvette aje kunisalimia. Mtoto alinipa mkono, kama anavyompa mgeni, akarudi ndani.