Kiganja Mgongoni

Mazoezi yenyewe ukiyatazama utacheka. Mtu mzima mimi, niliyepaka rangi maghorofa tangu sijaota ndevu, nafundishwa kuinuka kitini bila kushika kitu. Nalazwa chali niinue kiuno. Natembezwa juu ya mstari wa chaki, kisigino kikigusa vidole, kisha naruka kando kutoka kiboksi hadi kiboksi kama mtoto. Hata kubeba ndoo nafundishwa. Nilimwambia binti wa mazoezi ya viungo pale kliniki kwamba mimi na ndoo tumezeeka pamoja. Akasema ndiyo, baba, lakini umezeeka ukiwa umeinamia upande mmoja. Binti huyo ni rika la kitinda mimba wangu, na hana haya hata chembe.

Nilianguka kutoka kwenye ngazi nikipaka dari. Nyonga iliyovunjika iliunga vizuri, lakini mwili ukasahau kusimama. Kila nikitaka kupiga hatua nayumba kwanza, ndipo wagonjwa wenzangu wakanipachika jina la Kinyonga. Nikawaambia heri kinyonga, yeye halazimishwi kuruka viboksi.

Nyumbani sina hata wa kunicheka. Mke wangu ametangulia. Kijana wangu hupiga simu kutoka huko aliko, huuliza hali, na kabla sijamaliza kusema nzuri anaitwa kikaoni. Simlaumu. Hapo nimedanganya, namlaumu sana. Redio naifungua asubuhi kabla ya kupiga mswaki, ili nyumba iwe na sauti ya mtu.

Sasa, liko zoezi la kusimama kwa mguu mmoja ukiwa umefumba macho. Binti husimama nyuma yako, akakuwekea kiganja mgongoni ili ukiyumba akudake. Ni kiganja tu, kipana, chenye joto. Tangu siku ya mazishi ya mke wangu, watu walipomaliza kunipa mkono wa pole, aliyenigusa ni kinyozi peke yake. Nilikuwa naishi kwa ajili ya kiganja kile.

Taabu ni kwamba anayeliweza zoezi hilo huambiwa amepona, akaaga, akaenda zake. Na mimi nilikuwa naliweza. Jikoni kwangu nilisimama mguu mmoja, macho nimefumba, chai ikachemka hadi ikamwagika, nami sijatikisika. Nikifika kliniki nayumba kama mlevi. Penye nia pana njia, na nia yangu ilikuwa nisipone.

Waliokuja nyuma yangu walimaliza wakaniacha. Mpishi mmoja wa shule, siku anaaga, alinifariji kwamba polepole ndio mwendo. Niliitikia kwa unyonge, na moyoni nikaona aibu, maana alikuwa amenihurumia kwa dhati.

Asubuhi moja binti alinisimamisha katikati ya chumba, mbali na ukuta. Alisema benchi la nje limejaa, wengine wanasubiri wakiwa wamesimama kwa magongo. Nikafumba macho, nikainua mguu. Kiganja kikatua mahali pake. Nikajiambia nitayumba baadaye kidogo, kwanza nifaidi. Nikamkumbuka mke wangu alivyokuwa akinisugua mgongo kuniondolea rangi, akilalamika kwamba ameolewa na ukuta. Nikasahau kuyumba.

"Fumbua macho, baba."

Nikafumbua. Alikuwa mbele yangu, amekunja mikono kifuani.

"Mkono niliutoa kitambo," akasema. "Umesimama mwenyewe."

Nikamwambia haiwezekani, bado nausikia. Akashusha sauti, ili wa nje wasisikie.

"Nimejua siku nyingi. Anayeanguka kweli hujikaza. Wewe ulikuwa unaniegemea."

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Nje mtu alikohoa, gongo likagonga sakafu. Nilipaswa kushukuru, nichukue kofia yangu, nimpishe mwenye shida. Badala yake nilishusha mguu, nikasimama kwa miguu yote miwili, nikafumba macho tena.

"Nimepona," nikasema. "Lakini urudishe kidogo."

Nilimsikia akizunguka hadi nyuma yangu. Kiganja kikatua. Tukasimama hivyo, hakuna zoezi wala hesabu, mpaka mgonjwa aliyefuata akagonga mlango.